Bustani ya Lyveden: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bustani iliyolala ardhini

Lyveden ni wapi, na kuna nini hasa cha kutazama?

Lyveden iko mashambani katika mkoa wa Northamptonshire, katikati ya Uingereza, karibu na mji mdogo wa Oundle. Ukifika utaona jumba la mawe lenye umbo la msalaba, kuta zake zimesimama hadi juu, madirisha yako wazi, na halina paa. Hilo ndilo linalopigwa picha. Lakini jumba hilo ni kipande kimoja tu. Bonde lote kati yake na nyumba ya zamani iliyoko chini, mifereji ya maji, vilima, tuta refu na shamba la matunda, vyote ni bustani moja iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1590, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Tangu mwaka 1922 jumba liko mikononi mwa National Trust, chama kinachohifadhi majumba na ardhi za kihistoria.

Mimi nilikwenda, nikaona majani na maji. Bustani yenyewe iko wapi?

Ulikuwa umesimama juu yake. Wengi wetu tukisikia bustani tunafikiria mchicha, au maua mbele ya nyumba. Bustani za matajiri wa Ulaya za karne ya 16 zilikuwa kitu kingine. Zilipimwa kwa kamba na vigingi kama msingi wa nyumba. Kulikuwa na pembe mraba, duara zilizochorwa kwa uangalifu, na vitalu vilivyolingana kushoto na kulia, na njia za changarawe zikapita katikati. Maua yenyewe yalikuwa kama shanga zilizotiwa kwenye kitambaa kilichokwisha kudariziwa.

Maua hufa msimu mmoja. Kitambaa chenyewe, yaani udongo uliochimbwa, ukajazwa na kupandishwa, hukaa miaka mia nne. Pale Lyveden kilichobaki ni hicho kitambaa, na kwa maoni yangu ni bora kuliko maua, kwa sababu kimebaki kilekile walichokigusa wachimbaji wa wakati ule kwa majembe yao.

Nani aliitengeneza?

Sir Thomas Tresham, aliyezaliwa mwaka 1543 katika ukoo tajiri wa mkoa huo. Mwaka 1575 Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir akiwa ziarani katika ngome ya Kenilworth. Basi alikuwa mtu wa karibu na utawala, mwenye mashamba na kondoo wengi.

Mambo yaligeuka alipoidhihirisha imani yake ya Kikatoliki. Uingereza ya wakati huo ilikuwa imejitenga na Roma, na kila raia alitakiwa kuhudhuria ibada za kanisa la serikali. Asiyekwenda Jumapili alitozwa shilingi moja. Mwaka 1581 sheria ikakazwa, faini ikapanda hadi pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida asingezishika mkononi kwa mwaka mzima. Mwaka huohuo Tresham alikamatwa kwa kosa la kumpa hifadhi padri Mjesuiti, Edmund Campion. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita gerezani au katika kifungo cha nyumbani. Jumla ya faini alizolipa ilikaribia pauni 8,000.

Sasa tazama mtu huyu. Anatozwa faini kila mwezi na anafungwa kila mara, na bado anajenga. Alisimamia bustani hii kwa barua akiwa kifungoni, akieleza nini kipandwe, wapi, na njia zipite vipi. Tunajua hivyo kwa sababu karatasi zake zilifichwa ndani ya ukuta wa nyumba yake nyingine huko Rushton, zikakaa humo zaidi ya miaka mia mbili, hadi mafundi waliokuwa wakibomoa ukuta walipozikuta mwaka 1828. Bila karatasi zile tungeona vilima vya nyasi tu, tukabahatisha.

Bustani ilipangwaje?

Ifuate kama mgeni wa Tresham angeifuata, maana ilikuwa safari ya kupanda. Mgeni alianzia kwenye nyumba ya familia iliyoko chini ya mteremko. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia shamba la matunda lililopandwa kwa safu zilizonyooka: matufaa, mapea, plamu na miti ya jozi. Lilisifiwa sana. Mwaka 1609, baada ya kifo cha Tresham, Robert Cecil, waziri mkubwa wa Mfalme James, alipokuwa akitengeneza bustani yake huko Hatfield, alipata miti ya matunda kutoka kwa mjane wa Tresham.

Juu ya shamba la matunda linakuja tuta refu la udongo, pana kiasi cha watu kutembea juu yake wakizungumza. Kwenye ncha zake mbili kuna vilima vyenye umbo la piramidi iliyokatwa kichwa. Ukipanda tuta ndipo siri inafunguka: mbele yako kuna mfereji mpana wa maji, na ng'ambo yake uwanja ulio kama kisiwa. Mbali zaidi kuna vilima viwili vya mviringo ambavyo njia yake inazunguka na kupanda kama gamba la konokono. Mgeni alizunguka polepole, kila mzunguko ukimwonyesha bustani kutoka upande mwingine, hadi kileleni. Kutoka huko aliona mchoro mzima chini yake. Vilima hivyo vilikuwa na kazi hiyo hasa, kwa kuwa bustani ya namna hii ilichorwa ili isomwe kutoka juu.

Mwisho wa safari ni lile jumba la msalaba. Halikukusudiwa kuwa makazi ya kila siku. Lilikuwa jumba la mapumziko na karamu, mahali pa kula matunda na kutazama ulikotoka. Kuta zake zimechongwa alama za mateso ya Yesu, na vipimo vyake vinarudia namba tatu, tano na saba. Tresham alipenda kuzungumza kwa namba. Kule Rushton alijenga nyumba ndogo ya pembetatu kati ya mwaka 1593 na 1597, yenye pande tatu, kila upande futi 33 na thuluthi, ghorofa tatu, ikiwa ungamo lake la Utatu Mtakatifu. Yaliyokatazwa kusemwa kwa mdomo yeye aliyasema kwa mawe na udongo.

Ni kweli kwamba bustani iligunduliwa na ndege ya kivita ya Wajerumani?

Vilima na mifereji vilikuwa vinajulikana siku zote. Kilichopatikana kwa njia hiyo ni mzingile, yaani njia inayozunguka na kuzunguka hadi katikati.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za upelelezi za Ujerumani zilipita juu ya Uingereza zikipiga picha. Mwaka 1944 mojawapo ilipiga eneo la Lyveden. Vita vilipokwisha, picha nyingi za aina hiyo zilitekwa na kuishia katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani. Miongo kadhaa baadaye watafiti wa National Trust waliipata ile ya Lyveden. Ndani ya uwanja uliozungukwa na mifereji, palipoonekana kuwa patupu, picha ilionyesha duara kumi, moja ndani ya nyingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani.

Ndipo barua za kifungoni zikapata mahali pa kukaa. Tresham alikuwa ameandika kuhusu vitalu vya mviringo vya kupandwa mawaridi na rasiberi, na hakuna aliyejua vilikuwa wapi, au kama vilitengenezwa kweli. Mwaka 2010, kutokana na ugunduzi huo, bustani ilipandishwa hadi daraja la kwanza katika orodha rasmi ya bustani za kihistoria za Uingereza.

Hapa ndipo moyo wangu husimama kila ninapolisimulia. Rubani aliyetumwa kutafuta shabaha za mabomu alirudi na ramani ya bustani ya mfungwa wa dini, bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa nini mawaridi na rasiberi?

Waridi ni ua la Bikira Maria katika mapokeo ya Kikatoliki, na wekundu wa matunda yale unaingia vizuri katika simulizi la damu ya mateso, ambalo jumba zima limelichonga ukutani. Wanahistoria wengi huona mzingile kama njia ya sala: unazunguka na kusogea taratibu kuelekea katikati. Ni tafsiri, lakini ukimjua mtu mwenyewe ni vigumu kuikataa. Halafu rasiberi huliwa pia.

Udongo unatunzaje mchoro wa bustani kwa miaka mia nne?

Udongo ukishachimbwa haurudi kuwa ulivyokuwa. Ukichimba shimo la kupandia mti ukalijaza mbolea na udongo mweusi, hata mti ukifa na juu pakaota nyasi, shimo lile linabaki jeusi na laini kuliko ardhi ya kandokando. Mkulima yeyote aliyewahi kulima mahali palipokuwa na zizi la zamani analijua hili: mahindi ya pale hutoka na rangi nyingine.

Ndivyo ilivyo kwa bustani. Penye mtaro uliojazwa, mizizi hushuka mbali na kukuta unyevu, hivyo majani hubaki mabichi wakati wa ukame. Penye njia ya changarawe au msingi wa ukuta, udongo ni mchache na maji hukauka upesi, basi majani huwa ya njano mapema. Kiangazi kikiwa kikali, mchoro mzima hujitokeza juu ya nyasi. Mwaka 2018 joto kali lilipoipiga Uingereza, uwanja wa nyasi wa jumba la Chatsworth, mkoani Derbyshire, ulionyesha, kona kwa kona, vitalu na njia za bustani kubwa ya mwaka 1699 iliyofunikwa na nyasi katika karne ya 18. Mwaka huohuo pale Gawthorpe Hall, Lancashire, ilijitokeza bustani iliyotengenezwa miaka ya 1850 na kuondolewa mwaka 1946. Baada ya wiki chache mvua ilinyesha na vyote vikazama tena.

Siku hizi si lazima kusubiri ukame. Ndege hurusha miale ya leza na kupima mwinuko wa ardhi hata chini ya miti. Watu hutembea na vipimo vya umeme, kwa sababu udongo wenye unyevu hupitisha umeme kuliko changarawe. Rada ya ardhini hurudisha mwangwi wa mawe yaliyozikwa. Jembe ndilo la mwisho, tena kwa eneo dogo tu, kwa sababu kila unapochimba unaharibu kile ulichokuja kukisoma.

Wanajuaje kilichopandwa?

Kwa chavua, yaani unga wa maua, na mbegu. Katika tope la chini ya mifereji, ambako hewa haifiki, mbegu hukaa bila kuoza. Vikichanganywa na barua, hesabu za manunuzi na orodha za miche, picha hukamilika. Lakini lazima kuwe na tahadhari: chavua hupeperushwa na upepo, na mbegu huletwa na ndege. Mwanaakiolojia mwaminifu husema "kulikuwa na mawaridi hapa jirani" kabla ya kusema "waridi lilikuwa katika kitalu hiki".

Kama ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini haikumalizika?

Tresham alifariki Septemba 1605, akiacha madeni makubwa. Miezi miwili baadaye ikafichuka njama ya baruti, mpango wa Wakatoliki kadhaa wa kulipua bunge pamoja na mfalme tarehe 5 Novemba. Mwanawe na mrithi wake, Francis Tresham, alikuwa ameingizwa katika njama hiyo. Alikamatwa na kufa akiwa mfungwa katika Mnara wa London Desemba mwaka huohuo. Mafundi waliondoka. Jumba halikuwahi kuwekwa paa, na mfereji wa maji ulizunguka pande tatu tu. Upande wa nne haukuwahi kukamilishwa.

Basi ilibaki kwa bahati tu?

Ilibaki kwa sababu ya balaa la mwenyewe. Jambo hili hulazimika kurudiwa, maana wageni wengi huondoka wakidhani bustani zilizodumu ni zile zilizopendwa.

Zilizopendwa ndizo zilizopotea. Tajiri mwenye fedha hufuata mtindo. Baba yake alitengeneza bustani ya mistari, mwana akaona imepitwa na wakati. Katika karne ya 18 Waingereza walianza kutaka mandhari yanayofanana na malisho ya asili: nyasi hadi mlangoni, ziwa lililopinda, miti imetawanyika kana kwamba ilijiotea. Lancelot Brown, aliyezaliwa mwaka 1716 na kufa mwaka 1783, alipata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo, na bustani nyingi za zamani zilisawazishwa na yeye na wenzake. Vilima vilitandazwa na mifereji ikafukiwa.

Lyveden haikuwa na mtu wa kuifanyia hivyo. Familia iliishiwa, na jumba lisilo na paa halikumvutia tajiri mpya. Kondoo wakaachiwa wale majani, na kondoo hawabomoi vilima. Ndiyo maana leo ukitaka kuona bustani ya enzi ya Elizabeth ikiwa na umbo lake lenyewe ardhini, huendi kwa waliofanikiwa. Unakwenda kwa mtu aliyefilisika.

Kwa nini wasiijenge upya kama ilivyokuwa?

Swali zuri, na watu wazima wenye busara hugombana juu yake. Mifano miwili itasaidia.

Kenilworth, pale Tresham alipopewa cheo, Robert Dudley, mwenye ngome hiyo, alitengeneza bustani kwa ajili ya ziara ya Malkia ya mwaka 1575, iliyochukua siku 19. Mtumishi mmoja, Robert Langham, aliingizwa ndani na mtunza bustani wakati Malkia yuko mawindoni, akaandika barua ndefu akieleza chemchemi ya marumaru nyeupe, nyumba ya ndege na vitalu. Watu walijiuliza kama alikuwa anatia chumvi. Uchimbaji wa kati ya mwaka 2004 na 2006 ulifikia msingi wa chemchemi na vipande vya marumaru. English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale, wakaijenga bustani yote upya na kuifungua mwaka 2009. Hampton Court nako, kasri la kifalme karibu na London, bustani ya Mfalme William wa Tatu ilirudishwa mwaka 1995 katika hali ya mwaka 1702, kwa kufuata mipaka ya vitalu iliyosomwa katika udongo.

Kazi hizo nazithamini, zinamsaidia mtoto wa shule kuelewa kwa dakika moja. Lakini kila unapojenga upya unachagua mwaka mmoja na kufunika mingine, na unapokosa ushahidi unajaza kwa kukisia. Lyveden ina tatizo jingine pia: haikuwahi kumalizika. Kuimalizia leo ni kumwandikia Tresham barua ambazo yeye hakuziandika. Shamba la matunda limepandwa tena kwa aina za zamani za miti, na hilo naliunga mkono, kwa sababu mti unaweza kung'olewa. Mzingile na uachwe ulale.

Na kwetu pwani, kuna mabaki ya bustani za namna hii?

Yapo, ingawa asili yake ni nyingine: Uajemi, Oman na Bahari ya Hindi. Ukitoka mjini Zanzibar kuelekea kaskazini utafika Mtoni, kasri la Sultani Seyyid Said, ambako binti yake Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844. Yeye mwenyewe alieleza baadaye ua uliojaa tausi na paa wakitembea huru. Jirani yake kuna Marahubi, kasri alilojenga Seyyid Barghash kuanzia mwaka 1880 na kuungua mwaka 1899. Nguzo zimesimama, hamamu (nyumba ya kuogea) ipo, na mabwawa ya maji bado yana mayungiyungi. Ndani zaidi kuna hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850, iliyojengwa kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said.

Wageni huambiwa habari za masultani na masuria, wakapiga picha na kuondoka. Natamani tuwaulize waongozaji maswali mengine: maji yalitoka wapi, yalipita mfereji gani, miembe ile ilipandwa kwa safu gani, njia ya kutoka pwani hadi barazani ilikatiza wapi? Na nani alichimba? Katika Unguja ya karne ya 19 kazi ya namna hiyo ilifanywa na watumwa. Udongo umehifadhi kazi yao hata pale ambapo majina yao hayakuandikwa.

Naruhusiwa kwenda na kipima chuma nitafute sarafu?

Hapana. Lyveden ni mahali panapolindwa na sheria ya mwaka 1979 ya mambo ya kale, na kutumia kipima chuma bila kibali ni kosa la jinai. Sarafu iliyong'olewa mahali pake ni chuma tu, ilhali ikiachwa ndani ya tabaka lake inaweza kutaja mwaka wa njia nzima.

Niende msimu gani?

Aprili kwa maua ya miti ya matunda, Septemba kwa matufaa yenyewe. Ila kama unataka kusoma ardhi, nenda majira ya baridi, asubuhi ya jua au jioni, wakati jua liko chini na kila mwinuko unatupa kivuli. Vaa viatu vya tope.

Nina saa mbili tu. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye jumba, ingawa macho yatakuvuta huko. Anzia chini, kwenye nyumba ya zamani. Pita katikati ya miti, panda tuta, kisha fuata ukingo wa maji hadi kwenye kilima cha konokono. Izunguke njia yote, usikate kona. Ukifika juu, ligeuzie mgongo jumba utazame uwanja ulio tambarare kati ya mifereji. Hapo ndipo duara kumi zilipo.